Mto Mmoja, Mihuri ya Nchi Mbili: Safari ya Mosi-oa-Tunya

Jumamosi: Tunduma na Nakonde

Tuliondoka Mbeya alfajiri, mimi na shangazi yangu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kwa miaka yote aliyokaa nyuma ya dirisha lile aliwakatia tiketi wasafiri wa kwenda Kapiri Mposhi, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupita Nakonde. Kilichomvuta katika safari hii hakikuwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls, hasa, bali daraja la reli lililo jirani nayo, kwa sababu tangu usichana wake amekuwa akiwasikia wafanyakazi wenzake wakisema kwamba daraja lile lisingeingia katika mgogoro, huenda reli yetu isingejengwa. Mimi nafundisha jiografia sekondari, na mto Zambezi nimeuchora ubaoni mara nyingi bila kuuona. Likizo ya Juni ilitukutanisha.

Mpaka wa Tunduma ulitupitisha kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Maofisa wa nchi zote mbili wanahudumia katika kituo cha huduma za pamoja, hivyo anayekwenda Zambia hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Tanzania na Zambia zote ni wanachama wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, na Mtanzania hahitaji viza. Tulionyesha pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukabadilisha shilingi kwa kwacha, tukarudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, kisha tukatafuta basi la Lusaka.

Jumapili: Njiani

Usiku wote basi lilikuwa likishuka kusini kupitia Mpika na Serenje. Kaskazini mwa Serenje, mbali na barabara kuu, ndiko Chitambo, alikofia David Livingstone Mei 1873, na ndiko watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, walikoanza kuubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Nilimweleza shangazi jambo hilo gizani, naye akauliza kama huko tuendako kuna sanamu ya Susi. Nikamjibu kwamba tutaangalia.

Kapiri Mposhi tulipita kabla ya kupambazuka. Lusaka tulibadilisha basi, na njia ya kusini ikatupeleka katika mashamba ya miwa ya Mazabuka, halafu Monze, Choma na Kalomo, nchi tambarare na kavu yenye makundi ya ng'ombe. Livingstone tuliingia jioni. Ni mji wa barabara pana na majengo ya kale yenye mabaraza, uliokuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini, kama Zambia ilivyoitwa enzi za ukoloni, tangu 1911 hadi 1935, serikali ilipohamia Lusaka. Mwenyeji wetu wa nyumba ya wageni alitutoa nje akatuonyesha upande wa kusini wingu jeupe lililosimama peke yake katika anga tupu. Alisema lile si wingu la mvua, ni maji ya mto.

Jumatatu: Upande wa Zambia

Kutoka mjini hadi langoni mwa hifadhi ni kama kilomita kumi, na barabara inakatiza katika njia za tembo, kwa hiyo dereva wa teksi alikwenda polepole huku akitazama vichakani. Hifadhi ya Taifa ya Mosi-oa-Tunya ina kilomita za mraba 66, lakini watu wengi huishia kwenye kipande kile kidogo kilicho mkabala na maporomoko. Nje ya lango wapo wanaokodisha makoti ya mvua na kandambili. Shangazi alikataa koti kwanza, akalichukua baada ya kuwaona waliokuwa wakitoka wamelowa hadi mifupani.

Hapa sina budi kueleza umbo la mahali penyewe, kwa kuwa picha hazilielezi. Maporomoko mengi tunayoyafahamu hushuka ukingoni mwa mlima, na mtazamaji husimama chini akiinua macho. Zambezi haufanyi hivyo. Mto unakuja ukiwa mpana na mtulivu juu ya uwanda wa mwamba wa basalti, una visiwa na mitende, halafu unakuta ufa uliokatiza njia yake kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yote yanatumbukia humo. Ufa huo una urefu wa mita 1,708 na kina kinachofikia mita 108, na ukingo wake wa pili uko karibu usawa uleule wa mto. Kwa hiyo mtazamaji husimama uso kwa uso na maji, kimo kwa kimo, kati yao kukiwa na shimo tu. Upepo unaosukumwa na maji yaangukayo hauna pa kwenda ila juu; huyabeba manyunyu, huyapandisha kupita vichwa vya watu, kisha huyaangusha kama mvua. Juu ya ukingo ule mvua hiyo imeotesha msitu mnene wa miti na mizabibu ya porini, ambao hatua chache tu nyuma yake nchi inarudi kuwa vichaka vikavu.

Tulivuka daraja jembamba la waenda kwa miguu linaloitwa Knife Edge. Katikati yake hatukuonana. Maji yalitupiga kutoka chini, yakaingia ndani ya mikono ya makoti, na sauti ikawa si ya kusikika kwa masikio tu, bali ya kuhisiwa kifuani. Upinde wa mvua ulikuwa umetuzunguka karibu duara kamili, ukianzia miguuni pa shangazi na kuishia miguuni pangu. Alinishika mkono akaniambia kitu nisichokisikia. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa akisali.

Wanafunzi wangu huuliza kwa nini maji hujaa Aprili wakati mvua zimekwisha. Jibu liko mbali juu, kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, ambako mvua za Novemba hadi Aprili hukusanyika, kisha huingia katika mbuga pana za Barotse, ambazo huyashika maji hayo na kuyaachia taratibu. Ndiyo maana mafuriko huchelewa. Mwezi Aprili manyunyu ni mengi kiasi kwamba mtu husikia maporomoko zaidi ya kuyaona. Oktoba na Novemba mto hupungua hadi sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu, kwa kuwa mwamba wa upande huu uko juu zaidi. Kituo cha umeme kilichojengwa hapa tangu 1938, ambacho sasa kina uwezo wa megawati 108, nacho huchukua maji yake juu ya maporomoko upande huuhuu. Juni ni mwezi wa katikati: maji ni mengi na bado yanaonekana. Huo ndio mwezi ningemshauri mtu.

Tulipotoka, kijana mmoja mwenye kibanda cha vinyago na bangili za shaba alitusikia tukizungumza, akatuamkia kwa Kiswahili: "Shikamoo mama, karibuni wageni wa nyumbani." Amezaliwa Nakonde. Shangazi, ambaye ni Mnamwanga, alimjibu kwa Kinamwanga, na kuanzia hapo mimi nilikuwa msikilizaji. Walitafutana ukoo, wakapata kijiji kimoja ambacho wote wawili wana ndugu, upande wa Tanzania. Nilimuuliza kama wateja wake ni Waafrika. Alisema Wazambia huja kwa wingi siku za sikukuu na safari za shule, Wazimbabwe huja kununua bidhaa na si vinyago, na kutoka kwetu huwaona madereva wa malori kuliko watalii. Jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu sisi ni miongoni mwa watu wanaoweza kufika hapa bila viza na kwa basi.

Jumatatu usiku

Siku za mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa tena usiku. Tulirudi tukiwa na sweta, maana usiku wa Juni kule ni baridi kali. Mwezi ulipopanda, upinde ulijitokeza ndani ya manyunyu, kwanza mweupe mtupu kama utepe wa chaki, kisha, macho yalipozoea, ukingo wake wa nje ukaanza kuonyesha wekundu hafifu. Walinzi walituongoza kwa tochi hadi mahali salama na kutuomba tuzime simu zetu ili macho yasivurugike. Nusu ya waliokuwapo walitii.

Jumanne: Darajani

Siku hii shangazi aliivaa nguo yake nzuri.

Ofisi ya uhamiaji ya Zambia iko karibu sana na lango la hifadhi. Mtu anayetaka kufika darajani tu na kurudi hupewa kikaratasi cha ruhusa bila kugongewa muhuri, lakini sisi tulikuwa tukivuka kabisa, hivyo tuligongewa muhuri wa kutoka, tukaanza kutembea. Teksi za Zambia huishia hapo. Kando yetu walipita wanaume wakisukuma baiskeli zilizosheheni mafuta ya kupikia na mabunda ya bidhaa nyingine, na wanawake wenye mizigo kichwani waliokwenda kwa mwendo wa watu wanaoijua njia.

Daraja lenyewe ni tao moja la chuma lililoruka juu ya korongo la pili, mita 128 kutoka majini, na urefu wake wote ni mita 198. Lilisanifiwa na George Hobson wa kampuni ya washauri ya Douglas Fox, chuma chake kilitengenezwa Darlington nchini Uingereza, kikaja kwa meli hadi Beira na kwa reli kupitia Bulawayo. Fundi aliyesimamia ujenzi alikuwa Mfaransa, Georges Imbault, na tao lilijengwa kutoka pande zote mbili hadi vipande vikakutana katikati. Lilifunguliwa rasmi tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa George Darwin. Cecil Rhodes, aliyetaka reli ipite mahali ambapo manyunyu ya maporomoko yatayagusa mabehewa, alikuwa amekwisha kufa tangu 1902, wala hakuwahi kuyaona maporomoko yenyewe. Nia ya reli ile haikuwa utalii: makaa ya mawe ya Hwange yalikuwa yakihitajika kaskazini, na shaba ya kaskazini ilihitaji njia ya kufika baharini.

Reli, barabara na njia ya miguu vyote viko juu ya sakafu moja nyembamba, hivyo magari hupishana kwa zamu. Shangazi alipita kando ya reli akihesabu mataruma, akaniuliza upana wa reli, kisha akajijibu mwenyewe kwa kuridhika: ni uleule wa TAZARA. Katikati, penye mstari wa mpaka, tulisimama. Upande wa kushoto watu walikuwa wakijirusha kwa kamba ndefu kwenye jukwaa la michezo, mita 111 kwenda chini, na kelele zao zilitufikia. Sisi tulikuwa na habari nyingine.

Baada ya serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilijikuta bidhaa zake nyingi zikitegemea njia iliyo mikononi mwa adui, na njia hiyo ilipita hapa. Ndipo Kaunda na Nyerere waliposhikilia reli ya kwenda Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zilikataa kuigharimia, China ikatoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Katikati ya ujenzi huo, Januari 1973, Smith aliufunga mpaka ili kuiadhibu Zambia. Wiki chache baadaye alitangaza kuufungua, lakini Kaunda alikataa, ukabaki umefungwa hadi Oktoba 1978. Mei 1973 watalii wawili wanawake kutoka Kanada waliuawa kwa risasi zilizopigwa kutoka upande wa Zambia walipokuwa chini korongoni. Tarehe 26 Agosti 1975 behewa la treni lilisimamishwa juu ya daraja hili, mpaka ukilikata katikati, Smith na ujumbe wake wakaketi upande mmoja wa meza, na wapigania uhuru wa Zimbabwe, akina Abel Muzorewa, Joshua Nkomo na Ndabaningi Sithole, upande wa pili, Kaunda na John Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wasuluhishi. Mazungumzo yalivunjika siku hiyohiyo.

Shangazi alisikiliza yote hayo akiwa ameushika ukingo wa chuma. Kisha alisema, "Mwanangu, mshahara wangu wa miaka yote ile ulianzia hapa." Sioni namna bora ya kulieleza jambo hilo darasani.

Wachuuzi wa darajani ni wavumilivu. Mmoja alitembea nasi kutoka mpakani hadi karibu na upande wa pili akituonyesha sanamu za Nyaminyami, roho ya mto wanayoiheshimu Watonga, yenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki, pamoja na noti ya Zimbabwe ya dola trilioni mia moja. Noti hizo zilitolewa 2009, mwaka uleule nchi ilipoiacha sarafu yake, na sasa zinauzwa kama ukumbusho. Alimwita shangazi "mama" kwa heshima ya kweli, hakutuvuta nguo, na alipoona hatununui alitutakia safari njema.

Katika ofisi ya uhamiaji ya Zimbabwe tulipanga foleni moja na wageni kutoka mabara mengine. Wengi walikuwa wakiomba viza ya pamoja ya KAZA (jina la eneo la hifadhi la Kavango-Zambezi), iliyoanzishwa na nchi hizi mbili Novemba 2014. Kwa dola 50 za Marekani mgeni hupata siku 30 za kuvuka daraja kila anapotaka, na anaweza pia kwenda Botswana kupitia Kazungula mradi arudi siku hiyohiyo. Ni jambo jema, na limewapunguzia wageni gharama ya kulipia upya kila wanapovuka. Lakini lipo jambo lililoonekana wazi katika foleni ile: utaratibu huo umemfikiria mtu wa mbali anayekuja mara moja maishani. Mama mwenye ndoo ya nyanya anayevuka kila wiki alikuwa nyuma yetu, naye, ingawa hadaiwi viza, bado alikaguliwa na Zambia upande mmoja wa daraja na Zimbabwe upande wa pili, huku jua likiwa juu ya nyanya zake.

Jumatano: Upande wa Zimbabwe

Mji wa Victoria Falls ni mdogo, nadhifu, na umejengwa kwa ajili ya wageni. Ngiri hula nyasi kando ya maduka bila kumjali mtu. Hoteli ya zamani ya Victoria Falls, iliyofunguliwa 1904 reli ilipofika, ingali inatazamana na daraja kutoka kilimani. Bei ni za dola, na ni kubwa. Kiingilio cha hifadhi kina viwango tofauti kwa wenyeji, kwa raia wa SADC na kwa wageni wengine, na pasipoti ya Tanzania ilitupunguzia. Chukueni pasipoti mkononi, msiiache hotelini.

Njia inaanzia penye sanamu ya Livingstone, iliyozinduliwa 1934, karibu na sehemu inayoitwa Devil's Cataract, ambapo mto hauna subira na unateremka kwa kasi ya kutisha. Livingstone alifika Novemba 1855 akiongozwa na Wakololo wa chifu Sekeletu, wakamshusha kwa mtumbwi hadi kwenye kisiwa kilicho ukingoni mwa maporomoko. Shangazi aliizunguka sanamu, akasoma maandishi yaliyochongwa chini yake, akaniuliza tena juu ya Susi na Chuma. Pale hawapo. Wala wapiga makasia wa Kikololo hawapo, nao ndio waliokuwa wakijua mkondo upi unapitika na upi unaua.

Kuanzia hapo vituo vya kutazamia vimefuatana ndani ya msitu wa manyunyu, na katika kila kimoja sehemu mpya ya ukuta wa maji inajifunua: Main Falls, kisha Horseshoe, kisha Rainbow, ambapo kina ni kikubwa kuliko kwingine kote. Kwa kadiri ya robo tatu ya maporomoko huonekana kutoka upande huu. Pongo mmoja alisimama njiani karibu yetu, manyoya yake yakiwa na matone, akatupisha bila haraka. Mahali panapoitwa Danger Point hapana uzio. Mwamba ni laini kwa utelezi, na tulisogea kwa kushikana. Ng'ambo ya korongo niliwaona watu wenye makoti ya rangi wakivuka Knife Edge, mahali tuliposimama Jumatatu.

Hapo nilielewa ninachotaka kuwaambia wanafunzi wangu. Upande wa Zambia humweka mtu ndani ya maporomoko. Upande wa Zimbabwe humwonyesha umbo lake. Aliyeona upande mmoja tu hajayaona, na wala si kosa lake, kwa sababu katikati pana mpaka, viingilio viwili na foleni mbili. Miji hii miwili imeishi kwa kupokezana bahati: uchumi wa Zimbabwe ulipoanguka miaka ya 2000, wageni walihamia Livingstone, hoteli zikajengwa kule, na huku madereva na wahudumu wakakosa kazi, hali ilipotengemaa, wageni wakarudi. Maji hayakubadilika hata kidogo katika miaka hiyo yote. UNESCO iliyaandikisha mwaka 1989 kama urithi mmoja wa dunia ulio katika nchi mbili, kwa majina yote mawili, Mosi-oa-Tunya na Victoria, na ningependa tiketi nayo iwe moja.

Mchana kutwa helikopta zilizunguka juu. Sikuzipenda. Mahali ambapo sauti ya mto ndiyo kitu cha kwanza mgeni anachokuja kukisikia, si haki wachache walio juu waifunike kwa walio chini.

Alhamisi: Kurudi

Tulivuka kurudi Zambia asubuhi. Tulipofika darajani, kizuizi kiliteremshwa na treni ya mizigo ikapita polepole kutoka upande wa Zimbabwe, daraja likitetemeka chini ya nyayo. Watalii waliinua simu. Wachuuzi na wenye baiskeli walisubiri wakizungumza. Shangazi alihesabu mabehewa hadi la mwisho na kuyataja kwa aina, ya mzigo wazi na ya kufunikwa, kama alivyozoea kazini.

Katika foleni alizungumza kwa Kiingereza na mama mmoja Mzimbabwe aliyekuwa akienda Livingstone kununua bidhaa za duka lake. Huvuka asubuhi na kurudi jioni. Alisema COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, na mwenye mzigo mdogo ulio kwenye orodha husamehewa ushuru, lakini fomu, maswali na mapekuzi vyaweza kumlia nusu ya siku. Kitu kinachomuumiza zaidi, alisema, ni muda. Nilimuuliza mara ya mwisho kuyatazama maporomoko ni lini. Alijibu kwamba alipelekwa na shule akiwa mtoto, na tangu hapo huyasikia kila anapovuka.

Ijumaa: Kazungula

Kabla ya kuanza safari ya kurudi nilitaka kuona Kazungula, mwendo wa saa moja hivi kwa basi dogo kutoka Livingstone kuelekea magharibi, mahali ambapo Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia hukaribiana kiasi cha karibu kugusana. Mpaka wa Zambia na Botswana hapo una urefu wa mita 150 hivi tu, na huo ndio uliobeba hoja yote ya daraja jipya. Kwa miaka mingi malori yalivuka kwa pantoni, mawili matatu kwa wakati, na madereva walikuwa wakilala kwenye foleni kwa siku nyingi. Daraja lenye urefu wa mita 923 lilifunguliwa tarehe 10 Mei 2021. Ukilitazama kutoka ukingoni unaona limepinda waziwazi, kwa sababu lilibidi kupita maji ya Zambia na Botswana bila kuingia Zimbabwe. Forodha na uhamiaji vimewekwa pamoja, kama Tunduma, na kama Chirundu, mpaka mwingine wa Zambia na Zimbabwe, ambao tangu 2009 ulikuwa wa kwanza barani kuendeshwa kwa mtindo huo.

Tulikaa kando ya barabara tukinywa chai na kuangalia malori yakipanda daraja moja baada ya jingine. Yalikuwamo yenye namba za Tanzania. Dereva mmoja aliyetoka Dar es Salaam kwenda kusini alituamkia, akasema enzi za pantoni aliwahi kusubiri hapa hadi akiba yake ya chakula ikaisha, na sasa hupita siku hiyohiyo karatasi zikiwa sawa. Shangazi alimuuliza kama amewahi kuyaona maporomoko, ambayo yako jirani tu na njia anayoipita mwaka mzima. Hakuwahi. Lori haliruhusiwi kuegeshwa popote, alisema, na tajiri anahesabu masaa.

Basi, Zambia na Zimbabwe zinajua namna ya kuwakalisha maofisa wao katika jengo moja. Zimefanya hivyo Chirundu kwa ajili ya malori. Penye maporomoko, ambapo wengi wa wavukaji huenda kwa miguu, ndipo panapostahili zaidi utaratibu huo, ili mama wa nyanya asimame mara moja badala ya mbili, na ili mgeni aliyelala Livingstone aweze kuuona upande wa pili bila kupoteza asubuhi yake.

Kwa atakayetoka kwetu: njia ya basi kupitia Nakonde na Lusaka inafika, ingawa inachosha, mpumzike usiku mmoja Lusaka kama mmefuatana na mzee. Mwende Juni au Julai, mlale siku mbili kila upande mkiweza, mbebe dola ndogondogo kwa Zimbabwe na kwacha kwa Zambia, mfunge simu ndani ya mfuko wa plastiki, na daraja mlivuke kwa miguu, si ndani ya gari.